Samaki wa Cucu Waliozaa Bila Mume

Juzi nilisimama katika duka moja mjini Embu, lile linalouza chakula cha kuku upande mmoja na samaki wa mapambo upande wa pili. Muuzaji alikuwa akimwambia mteja kwamba samaki aina ya gapi hawana shida kufuga. Nilicheka peke yangu hadi akaudhika. Rafiki yangu, mtu huyo hakumjua nyanya yangu.

Tulimwita Cucu. Aliletwa kwetu Manyatta kutoka Ishiara magoti yalipoanza kumsumbua, mbuzi wake akamwachia amu yangu. Kwetu kulikuwa na baridi na watu asiowajua. Alishinda sebuleni amejifunika shali, akila nduma kwa huzuni, na kila jioni alisema, "Mvua ikikatika naenda kwangu." Baba aliyaogopa maneno hayo, maana alijua ataenda kweli, na magoti hayo hayo.

Wakati huo rafiki wa Baba alipewa uhamisho kazini, akatuachia sanduku la kioo lenye gapi wachache: madume wenye mikia ya rangi rangi na majike wa kijivu. Cucu aliuliza wanaliwa lini. Alipoambiwa hawaliwi, alikigeuza kiti chake upande wa ukuta.

Kisha asubuhi moja, tukinywa uji, jike mmoja alianza kuzaa. Gapi hatagi mayai. Mtoto hutoka mzima akiogelea. Na wa kwanza kumla mtoto yule alikuwa mamake. Cucu alisimama bila fimbo.

"Leteni kichujio cha chai," alisema. "Huyu mwanamke amerogwa."

Tangu hapo akawa na kazi. Jike aliyenenepa, akapata doa jeusi karibu na mkia, alitengwa kwenye bakuli hadi ajifungue, kisha akarudishwa kabla hajapata njaa. Sisi tulitumwa kijitoni kuleta majani ya majini ili vichanga wapate pa kujificha, na tuliwasagia kiini cha yai la kuchemsha ambalo sisi wenyewe hatukupewa. Muda si muda watoto walijaa jagi, beseni, na bakuli la kukandia chapati. Mama alivumilia mpaka siku alipofunua sufuria ya githeri akakuta macho yakimtazama.

"Mama," alimwambia mkwewe kwa heshima yote, "wakizaa tena nawapa bata wa jirani."

Cucu hakubishana. Huko Ishiara, ili mbuzi wasizae kiangazi, alimfunga beberu kipande cha ngozi tumboni. "Hawa hawafungiki," alisema, akawahamishia madume wote kwenye ndoo. Majike wakabaki peke yao kama watawa.

Mwezi haujaisha, wakazaa.

Tulihojiwa mmoja mmoja. Nani amerudisha dume? Hata Baba aliulizwa, akaapa kama mtoto. Ikabidi aitwe jirani yetu, mwalimu wa biolojia. Alieleza huku akitazama sakafu kwamba jike wa gapi akikutana na dume mara moja huhifadhi mbegu tumboni, akazaa tena na tena bila kumwona mume.

"Mwalimu," Cucu akasema, "hilo usiwafundishe wasichana."

Ilibaki kuwaita bata. Lakini Jumapili hiyo Cucu, ambaye kanisani hakuwahi kuzungumza na mtu, aliwasimamisha kina mama nje baada ya ibada. Matangi yao ya maji ya mvua yalijaa viluwiluwi wa mbu, na yeye alikuwa na samaki wanaowala. Aliwagawia kama kwao walivyogawiana mbuzi: unapewa jike, unamlea, na aliyekupa ana haki ya kuja kumwona.

"Hahitaji mume," alimhakikishia kila mmoja.

"Basi nipe wawili, Cucu," mmoja akamjibu. "Mmoja anifundishe."

Na haki yake aliitumia. Alitembea na fimbo boma hadi boma, akichungulia matangi, akikaripia, akinywa chai, hadi chakula chake kikapoa nyumbani. Mvua ikakatika, ikaja nyingine. Ishiara hakuitaja tena.

Alipofariki miaka mingi baadaye, wanawake waliokuja kupika walikuwa wengi hata amu yangu akauliza ni wa ukoo gani. "Mimi ni wa tangi la kwanza," mmoja alimjibu, akaendelea kumenya viazi.

Matangi yale ya saruji hayapo tena. Maji ya mfereji yalifika, na tangi la siku hizi ni la plastiki, jeusi, limefungwa juu. Maji yetu ni safi, hayana kiumbe. Nami nimeishi miaka ukuta kwa ukuta na jirani wa kushoto na sijui sebule yake ikoje, maana sijapata sababu ya kubisha.