Sifuri ya Tarehe Ishirini na Tano

Idara ya hali ya hewa ya kisiwa cha Reunion, katika kitabu chake cha mwaka chenye jalada la kijani, ilithibitisha kwamba tarehe 25 Januari 1980, katika kituo cha kitongoji cha Songe, mvua iliyonyesha ilikuwa milimita sifuri.

Kitabu hichohicho, kurasa mbili mbele, kilieleza kwamba mwezi huo kimbunga Hyacinthe kilikizungukazunguka kisiwa karibu wiki mbili, kikamwaga milimani mvua ambayo dunia haikuwahi kupima mfano wake. Wasomi wa idara hawakuona tatizo.

Aliyeliona ni Eliard Thiburce, mkulima wa dengu, msoma kipimamvua wa Songe kwa miaka kumi na tisa. Kila siku saa moja asubuhi alitoka uani, akaisoma namba kwa sauti, na ndani mkewe Clémence akaiandika, maana mwandiko wa Eliard ulimshinda hata mwenyewe. Siku hizi aliandika peke yake. Lakini namba bado aliitangaza uani kwanza, kisha akaingia kuiandika.

Kitabu kilipandishwa mlimani na Ivrin, mtu wa posta, mgongoni, kwa kuwa barabara haifiki Songe.

"Hongera, mzee. Serikali imekupa jua."

"Waambie walifute."

"Kawaambie mwenyewe. Mimi punda tu, punda hapeleki malalamiko."

Basi akaenda. Alishuka kwa miguu mwendo wa saa tano, akapanda basi, akafika mbele ya karani wa idara mwenye adabu na shati lililopigwa pasi.

"Baba, siruhusiwi kuacha nafasi tupu," karani alisema. "Nitajie namba. Jirani zako walipata mia saba. Sema mia sita na hamsini, nani atakubishia?"

"Sikupima."

"Basi ni sifuri."

"Sifuri ni kipimo. Mimi sikupima."

Karani alifunua karatasi za Januari. "Siku zote nyingine hukukosa hata moja. Hii ulikuwa wapi? Usingizi ulikunogea?"

Eliard aliitazama kofia yake mapajani. "Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani, baba, kwenye mvua ile?"

Swali lilikuwa la haki. Eliard alivaa kofia, akaaga, akarudi mlimani, na sifuri ikabaki ilipo.

Clémence alikuwa amefariki tarehe 24, kwa pumu, njia zote zimekatika na helikopta haiwezi kuruka. Majirani walimtengenezea jeneza kwa mbao za ukuta wa jiko. Kesho yake, tangu alfajiri, wanaume wanne, Eliard akiwamo, walipokezana kuchota maji kaburini kwa sufuria ya wali, na ilipofika saa nane mchana wakakubaliana wamzike hivyohivyo.