Unga wa Mlangoni kwa Hafidha

"Fungua kiganja."

Zuwena akazidi kubana ngumi.

"Nimesema fungua kiganja, Zuwena. Watu waone ulichokuja kumwaga kwa mjane wa kaka yangu."

Maneno hayo ya Adila yalinikuta barazani kwangu, mswaki mdomoni, jua halijapanda vizuri. Nikatema povu, nikakaza kanga, nikasogea.

Mimi ndiye Mwanvita, msusi. Nyumba yangu inatazamana na ya Hafidha, huku kwetu Nianjema, Bagamoyo. Kwangu hapakosi watu. Kichwa kimoja kinasukwa, vingine vinasubiri, na kila kichwa kimekuja na habari yake. Ugomvi ukitokea mlango wa pili nisiuone, hapo ujue nimesafiri.

Ila huu sikuufurahia.

Adila alimshika Zuwena kifundo cha mkono, akavibandua vidole kimoja kimoja. Kiganjani mlikuwa na unga. Laini, rangi ya chai ya maziwa. Upepo ukaupeperusha kidogo, na wote tuliosimama pale tukarudi nyuma kama tuliosukumwa.

Mtu nyuma yangu akasoma audhubillahi.

"Sikuja kumwaga," Zuwena akasema.

"Ulikuja kufanya nini, basi?"

Zuwena akautupia jicho mlango wa Hafidha, akainamisha uso. Hapo ndipo alipojimaliza.

Mlango wa Hafidha ulikuwa wazi kidogo. Niliuona upindo wa kanga yake nyuma ya ubao. Alikuwa pale, anasikia kila neno. Yeye na Zuwena wamekula sinia moja miaka na miaka, mpaka watoto wa Hafidha humwita Zuwena mama mdogo. Alitakiwa aseme neno moja tu: mwacheni.

Mlango ukafungwa taratibu.

Sasa ngoja niwaweke sawa.

Mume wa Hafidha alikuwa Bilali, fundi seremala. Mtu wa maneno machache, mkono safi. Nusu ya vitanda vya mtaa huu ni kazi yake, na ule mlango wa nyumba yake, na fremu yake nene, aliutengeneza mwenyewe mwaka aliooa. Presha ikamchukua kabla ya masika. Asubuhi alikuwa anapiga randa, adhuhuri tunamsomea Yasini.

Hafidha akaingia eda. Kwetu mjane akiwa eda hatoki kwenda kutembea, hajipambi, na mwanaume asiye maharimu wake, yaani ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa, haingii ndani. Sisi wanawake ndio tulioingia na kutoka. Adila, dada wa marehemu, akahamia pale kumsaidia wifi yake.

Kisha unga ukaanza.

Kila asubuhi, chini ya fremu ya mlango, kirundo kidogo. Kama kuna mtu amekaa pale usiku kucha anachekecha. Adila anafagia, kesho upo. Anamwaga maji ya zamzam, kesho upo. Akanyunyiza dawa ya mbu, ukakatika siku kadhaa, ukarudi na mwenzake chini ya dirisha.

Kwa hiyo akaanza kuvizia. Na aliyemnasa ni Zuwena.

Mtaa ukachafuka. Zuwena ni mtu wa Miono, amekuja hapa na mume, mume akamwacha, hana mtoto, anaishi chumba cha kupanga na kuuza uji asubuhi. Mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kumvika kanzu ya uchawi, inamkaa kama aliyepimiwa. Barazani kwangu wakaanza kukumbushana: si aliwahi kumshika mtoto wa fulani kichwani? Si uji wake ulimharisha fulani? Sufuria la uji likawa linarudi limejaa. Mwenye nyumba naye akamwambia kwa upole atafute sehemu nyingine.

Mimi kilichonikera ni kile kimya cha Hafidha. Baada ya alasiri nikaenda kwake. Adila alikuwa ameenda sokoni.

"Hafidha, unaamini kweli Zuwena anaweza kukuroga?"

"Siamini."

"Sasa mbona umemwacha avuliwe nguo mbele za watu?"

Akanishika mkono, akanipeleka mlangoni. Akaniambia nisikilize, nisipige kelele.

Akagonga fremu kwa kidole, kama mtu anayepiga hodi.

Ndani ya mbao kikajibu kitu.

Wallahi sitii chumvi. Ulitoka mchakacho, mwepesi, kama mtu anayepitisha msasa kwenye ubao. Ukapanda juu, ukashuka, ukanyamaza. Akagonga tena. Ukajibu tena.

"Assalaam alaykum, Baba Khamis," Hafidha akamwita marehemu mumewe, mdomo umekaribia mbao. Kisha akanigeukia, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo sijaliona tangu msiba. "Kila jioni ananijibu. Anaendelea na kazi yake, Mwanvita. Ule unga ni wake. Nikisema, watakuja na masheikh na makombe ya dawa, watamfukuza."

Miguu ilinibeba yenyewe mpaka kwangu. Na mimi, ambaye neno likiingia sikioni limeshafika mdomoni, lile sikumwambia mtu. Nilikuwa nasuka watu huku nautazama ule mlango ng'ambo, na kila upepo ukipita nasikia msasa.

Adila naye hakukaa kimya. Alishaaminishwa kwamba unga ni mabaki tu, mzizi wenyewe ni hirizi, na hirizi ipo ndani ya fremu. Ili mwanaume aingie mle akaibandue, lazima awe maharimu. Akampigia simu Mikdad, kaka yake Hafidha, mkulima wa Fukayosi. Akaja na pikipiki, kiroba cha mihogo nyuma, na uso wa mtu ambaye hataki ila ameitwa.

Baraza langu lilijaa siku ile. Hata waliokwisha kusukwa hawakuondoka. Mimi nilivuka, nikaingia ndani kwa wenyeji.

Mikdad akachukua tindo kwenye sanduku la kazi la marehemu. Kumbe Hafidha hakuwa amejiandaa kuliona lile tindo kwenye mkono mwingine. Akauweka mwili wake mbele ya fremu.

"Kaka, usiibandue."

"Dada, kama kuna kitu kibaya humu..."

"Hakuna kibaya. Niachie tu, nakuomba."

Adila akamvuta kwa nyuma, na yeye analia, anamwambia, "Wifi, kaka yangu amekufa bila kuumwa hata mafua. Niache nijue aliyemuua." Hapo nikamwelewa Adila. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwekea lile kaburi mgongoni.

Mikdad akasema bismillahi, akapachika tindo, akapiga.

Sikieni. Mbao ile nene ilipasuka kama biskuti iliyolowa. Na kutoka ndani vikamwagika vyeusi.

Sungusungu. Wale chungu weusi wakubwa, kiuno chembamba, kichwa kama kokwa. Walitoka kama maharage yaliyopasukiwa gunia. Wengine wana mabawa, wengine wamebeba vifuko vyeupe mdomoni, vitoto vyao. Walipanda mikononi kwa Mikdad, wakapita miguuni kwetu. Nje watu walikimbia, mmoja na rasta zake nusu kichwa.

Mikdad hakukimbia. Alijikung'uta, akaangaza tochi ya simu ndani ya ufa. Mlikuwa na vijia, vyumba, ngazi, kuta zake laini kabisa, zinateleza.

"Kama fundi kapiga msasa," akasema taratibu.

Akachota ule unga mkononi, akautazama. Vumbi la mbao, limechanganyika na vimiguu na mabawa ya wadudu. Akatuambia hawa si mchwa. Mchwa anaila mbao na kuacha udongo. Hawa hawaili, wanaitafuna kutengeneza nyumba, na wanachotafuna wanakitupa nje. Ukiwagonga wanashtuka wote kwa pamoja, wanachakacha ndani ya mbao; hapo nikaitambua ile sauti. Na wanapenda mbao iliyolowa.

Iliyolowa na nini?

Sote tukatazama juu. Msumari wa bati, juu ya mlango, ulikuwa umelegea kwa kutu. Maji ya masika yalikuwa yanashuka pale kila siku, yanaingia kwenye fremu kimyakimya. Na tawi la mti wa mkungu limelala juu ya bati, daraja kabisa la chungu.

"Huo msumari," Hafidha akasema. Sauti yake ilitoka mbali. "Kila mwaka kabla ya masika alikuwa anapanda na kopo la lami. Na lile tawi alikuwa analikata yeye."

Mwaka huu hakuna aliyepanda. Mwenye kupanda tulishamzika, na fundi mwingine angeingiaje kwa mjane aliye eda?

"Kwa hiyo aliyenijibu nikigonga hakuwa yeye," akasema.

Alikaa chini palepale kwenye unga, akalia kilio ambacho siku ya msiba hakulia. Adila akakaa naye, na chungu wanawapita.

Mimi nikatoka mbio kwa Zuwena.

Nilimkuta anafunga mizigo. Ndoo, jiko la mkaa, godoro limekunjwa na kamba. Anasema anaenda Msata, atapanga huko stendi, wasafiri hawajui mtu ni nani, watakunywa uji wake.

Nikamweleza yote, nahema. Akasikiliza, akaachia kamba, akakaa kitandani.

"Kumbe chungu," akasema.

"Chungu, shoga yangu. Sasa na wewe, ulikuwa unafanya nini pale alfajiri?"

Akainama, akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka uvunguni. Akalifungua. Lilijaa ule unga mpaka juu.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Niliuona mapema kuliko Adila," akaniambia. "Mimi mtu wa Miono, nilikua naambiwa ukiona unga mlangoni kwa mtu, kuna anayemtakia mabaya. Na bibi yangu alisema ukiufagia kwa ufagio, ubaya unabaki palepale. Mpaka mtu auchukue kwa mkono wake, aende nao kwake."

"Aende nao kwake? Huo ubaya umfuate yeye?"

"Hafidha ana watoto watatu, na baba yao hayupo. Mimi nina nani wa kunililia?"

Alikuwa analala na lile kopo chini ya kitanda. Kila siku anaamka, anajipapasa, anasubiri kufa.

"Kwa nini hukusema pale mbele ya watu?"

"Niseme mlangoni kwake kuna dawa, na yeye yuko nyuma ya mlango anasikia? Mtu wa eda nimtie hofu?"

Jamani, mimi nina mdomo. Ila siku hiyo nilichukua kopo lile, nikavuka nalo barabara, nikaliweka mbele ya Hafidha na Adila, nikarudia maneno yale bila kuongeza hata moja. Adila alifunika uso kwa mtandio. Hafidha aliliangalia kopo, akalifunga kifuniko, akalipakata kama mtoto.

Kazi ya kuwatoa chungu ilichukua muda. Adila alitaka kumaliza makopo ya dawa ya mbu, Mikdad akamkataza. Ile ya kwanza ndiyo iliyowatawanya wakahamia dirishani. Unaua wanaotembea, malkia yuko ndani anazaa. Tukachanganya sukari na maji na kiasi kidogo cha ule unga wa boriki wanaoumwaga kwenye ubao wa mchezo wa keram, tukauweka kwenye vifuniko njiani mwao, mbali na watoto. Wakala, wakabeba, wakapelekeana wenyewe. Mikdad akakata tawi, akapiga msumari mpya na lami, akachoma mbao zote zilizooza. Fremu mpya akaichonga kwa mbao aliyoikuta kwenye karakana ya marehemu, Bilali mwenyewe alikuwa ameshaipiga randa.

Mwenye nyumba alimwendea Zuwena, akamwambia yale maneno yasahaulike. Zuwena akasema sawa, akabaki. Uji ukaanza kwisha tena. Lakini kwa Hafidha hakukanyaga. Anapita mbali, macho chini. Na Hafidha, kwa eda yake, hawezi kutoka kumfuata.

Wadau, nimeandika haya kwa sababu najua kila mtaa una Zuwena wake. Ukikuta unga mlangoni, kabla hujatazama jirani, tazama juu, bati linavuja wapi. Na aliyefiwa msimpelekee sukari na ubani tu. Muulizeni marehemu alikuwa anapanda wapi, anakata nini, anaziba nini. Nyumba nayo inafiwa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Adila alivuka barabara mwenyewe. Alimwambia Zuwena, wifi anakuita, na kama hunitaki mimi nitakaa jikoni.

Zuwena akaja mpaka mlangoni, akasimama. Ndani harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka ilikuwa inatoka mpaka barazani kwangu. Akainua mkono, akaiangalia ile fremu mpya, akagonga.

"Hodi."

Sote tuliganda. Adila, Mikdad, mimi na kitana mkononi. Nilijua kila mtu anasikiliza kitu kimoja.

Mbao haikujibu.

"Karibu, mwenzangu," Hafidha akaitika kutoka ndani. "Siwezi kuja kwako kukuomba radhi. Ingia tule."