Hoteli ya bolti: kwa nini sikupata tanuri langu pale Voi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Haya niliyaishi mwenyewe miaka ya hamsini, nikiwa mke mchanga. Chumvi sijaongeza, daktari kanikataza hata ya mboga.

Kuna uzi mnauliza kwa nini biashara za wazee wetu hazikukua. Wengi mmejibu uvivu. Imeniuma, ndiyo maana naandika.

Mume wangu Mwakio alikuwa seremala. Mimi nilifunzwa kuoka mkate na masista wa misheni kule Bura. Tukafungua hoteli ya chai karibu na stesheni ya Voi.

Sasa shida ni ploti. Ofisi ya serikali ya mkoloni ilituruhusu kukaa kwa muda tu. Wangeweza kutuondoa wakati wowote, bila sababu, na hapakuwa na pa kulalamika. Aliyetoa amri ndiye aliyesikiliza kesi.

Basi Mwakio akajenga hoteli nzima kwa mabati, mbao na bolti. Msumari hakupiga. Watu wakacheka, wakasema huyu kajenga kitanda.

Mimi nilitaka tanuri la matofali. Mkate tulinunua kwa mtu, faida ikabaki kwake, na mikono yangu inajua kuoka! Nikaomba, nikanuna, nikagoma kupika (sikuwa mpole, msidanganywe na uzee). Jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba tanuri halifunguki kwa spana.

Kisha notisi ikaja.

Jirani aliyejenga kwa mawe alibaki amekaa kwenye kifusi, analia. Sisi jioni hoteli ilikuwa juu ya mkokoteni. Waliocheka wakaja kuazima spana. Siku hiyo nilijivunia mume wangu.

Lakini ploti mpya tuliyopewa nayo ilikuwa ya muda. Tukachoka, tukarudi Bura kwenye shamba la ukoo wake. Mipaka yake kila mzee aliijua, hakuna wa kututoa. Nikajua sasa tanuri limepatikana.

Mwakio akashusha mabati na mbao, akaanza kufunga nyumba yetu kwa bolti zilezile.

Nikamwita kwa jina la binti yetu. "Baba Mkamburi, hapa ni kwenu."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi najua. Mikono ndiyo haijui."

Nililia kuliko siku ya notisi.

Tanuri nililijenga mwenyewe, nyuma ya nyumba. Lilipokauka alikuja akalizunguka, akipapasa matofali kama anayetafuta bolti. Mkate wa kwanza uliungua chini, akaula wote.

Nilichojifunza ni kwamba ofisi isiyo na haki hainyang'anyi ploti tu. Inakufundisha kutojenga, na somo hilo unaenda nalo mpaka kwako.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe unayeogopa kumwaga simiti kwenye biashara yako leo, ni nani aliyekufundisha?

Ila neno uvivu nisilione hapa.