Nilikata Sari ya Mama Mkwe Nikashona Gauni

Admin, nifichie jina, maana Nyeri ni ndogo na nusu ya wateja wangu wako kwenye hii peji. Na nyinyi wa komenti, kabla hamjanirukia, nisomeni kwanza hadi mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi mtaa wa Skuta. Ni fundi wa nguo za harusi hapa mjini, na bila kujisifu sana, maharusi wanatoka hadi Kiriaini kuja kushonewa na mimi. Nimevalisha wenzangu miaka tisa nikingoja zamu yangu. Sasa imefika. Mchumba wangu amezaliwa hapa Nyeri, lakini wazazi wake ni Wahindi wa kusini, kutoka Kerala, Wakristo kama sisi. Babake alifariki akazikwa hapa hapa. Mamake, ambaye tunamwita Amma, alifundisha hesabu katika shule ya wasichana hadi akastaafu.

Watu waliniambia hatanikubali. Amma alinipenda kuliko shangazi zangu wa damu. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakaa jikoni kwake akinionyesha kwenye simu jinsi maharusi wa kwao wanavyopambwa: mikufu ya dhahabu juu ya mingine, mshipi kiunoni, nywele zimefungwa nyuma na kuzungushiwa shada la asmini. Huku kwa baridi asmini ni shida, kwa hivyo alinifundisha kutunga shada kwa maua meupe ya bustani yake. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, hata yeye alisema.

Mwezi uliopita akafungua sanduku lake akatoa sari. Hariri nyekundu iliyokolea, ukingo wake wa dhahabu mpana kama kiganja. "Hii nilivaa nikiolewa, mtoto yangu," akaniambia. "Nataka na wewe uvae." Nililia kama mtoto. Sikuuliza swali hata moja, kwa sababu kwetu bibi harusi akipewa kitu, kimekuwa chake.

Wasiojua, sari haishonwi. Ni kitambaa kimoja kirefu, unajizungushia, unakunja marinda, unachomeka kiunoni, unatupa mwisho wake begani. Na mimi ni mtu wa kucheza. Kila tukifanya mazoezi, nikitingisha kiuno kidogo tu, marinda yanateremka. Amma anacheka, anaongeza pini. Mimi nilikuwa nacheka nje, ndani naogopa. Niliona akilini hema letu la harusi kule Tetu, shangazi wamenizunguka na vigelegele, halafu nguo yote iko miguuni.

Mtandaoni kuna mitindo ya sari zilizoshonwa zikawa gauni, marinda yametulia mahali pake, mkia unaburuta nyuma. Nikajiambia, fundi mzima nitashindwaje? Sikumwambia Amma. Nilitaka kumshangaza. Nikatandika ile sari juu ya meza na nikaikata kwa mkono wangu mwenyewe. Vipande vilivyobaki nikashonea wasimamizi wangu vitambaa vya nywele, na mama yangu nikamtolea kilemba.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa Amma, nikavalia chumbani, nikatoka nikizunguka kama mwanamitindo. Mchumba wangu alisimama. Amma aliinama akashika ule ukingo, akaufuata kwa vidole hadi ulipokatwa.

"Ile ingine iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza, tena kwa furaha, habari za vitambaa na kilemba. Akakaa chini. Akasema, "Umependeza sana." Akaenda jikoni akafunga mlango. Nilisikia maji yakifunguliwa kwenye sinki, yakaendelea kumwagika kwa muda mrefu.

Ni mchumba wangu aliyeniambia. Kwa watu wao, sari ambayo mwanamke alifunikwa nayo kichwani na mumewe kanisani siku ya harusi, kisha akaivaa, inawekwa maisha yake yote, na siku akifa anazikwa nayo. Amma ameshasema hatarudi Kerala, atalazwa kando ya mumewe hapa Nyeri. Ile sari ndiyo ilikuwa ya siku hiyo. Alitaka tu ione harusi mara ya pili, kisha airudishe kwa sanduku.

"Si angeniambia?" nikamuuliza.

"Angekuambia aje? Nani anaongelesha bibi harusi mambo ya kuzikwa?"

Tangu siku hiyo mchumba wangu ananijibu kwa neno moja moja. Hajasema harusi haiko, lakini hajasema iko. Mama yangu naye, nilipomweleza, alisema, "Ai, si ni nguo tu! Mwagizie ingine huko India." Nilimkasirikia mama yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, halafu nikakumbuka kwamba aliyeshika makasi ni mimi.

Jana Amma alikuja dukani kwangu. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha mbele ya wateja, sikujali. Akaniinua. Akasema nivae gauni langu, nisilie, macho yatavimba kwa picha. Halafu akaangalia cherehani yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Harusi ikiisha, wewe ni fundi mzuri, unaweza kuirudisha ikuwe moja?"

Mimi ni fundi. Najua hariri ikishakatwa hivyo hairudi. Naweza kuunganisha vipande, lakini itakuwa viraka mwili mzima, na marinda nimeyakata mshazari, hata urefu hautatosha kumfunika. Hayo yote yalinijia, na bado kinywa changu kilisema, "Ndiyo, Amma."

Akanishika shavu akaenda akitabasamu. Harusi ni wiki mbili zijazo. Kesho anakuja tena kunifunza kufunga maua kichwani, na atakaa nyuma yangu, mikono yake kwenye nywele zangu. Ndugu zangu, nimwambie ukweli kesho, au nimwache aendelee kuamini kwamba ana nguo ya kuzikwa nayo?