Karanga za Darasa la Nne

Kijiwe chetu cha kahawa kiko kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya Mtaa wa Msimbazi, mahali ambapo mikokoteni hupumzika na wenye mikokoteni hugombana. Kuna mabenchi mawili. La kushoto ni la mashabiki wa timu nyekundu, la kulia ni la timu ya njano, na ukikosea benchi unaulizwa kama una homa. Mimi nilikaa popote penye nafasi, kwa sababu ndivyo nilivyoishi siku zote. Nimepara samaki soko la Feri, nimebeba magunia bandarini, nimeuza makava ya simu, nimechora mabango ya saluni ambayo wateja walisimama mbele yake wakiulizana yule ni bibi harusi au ni simba.

Muuza kahawa ndiye aliyetuletea habari ya wale watoto. Ni mzee wa Kizaramo, kwao ni kijiji kimoja upande wa Kisarawe. Asubuhi moja, huku anamimina, alisema shule ya kijijini kwao ina watoto sita wanaoelekea kuacha. Wengine wazazi wao wamefariki kwa UKIMWI. Wengine baba alikuja mjini kutafuta maisha akaishia kwenye madawa ya kulevya. Wote wanalelewa na mabibi. Hawana daftari, hawana sare, na mwalimu mkuu anataka kila mmoja awe na mtu mzima wa kusaini ripoti yake.

"Sasa sisi tuwe nani?" aliuliza mwenye mkokoteni mmoja.

"Muwe watu wazima," mzee akajibu. "Najua kwenu ni kazi ngumu."

Tuliandika namba kwenye vizibo vya soda, tukavitia kwenye kofia, kila mmoja akachota mtoto wake. Mangi alijitolea daftari kwa watoto wote sita. Tunamwita Mangi kwa kuwa ni mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla la daftari na kalamu, na Kariakoo mtu wa Kilimanjaro mwenye duka haitwi kitu kingine hata akileta cheti cha kuzaliwa. Kila daftari alilipiga mhuri wa duka lake kwenye kila ukurasa. Tulipomuuliza kwa nini kila ukurasa, alisema mkono ulikuwa umeshazoea.

Kizibo changu kilinipa msichana wa darasa la nne.

Mwezi wa sita ripoti zikaja kwenye bahasha ya khaki, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Uchochoroni kuna ukuta tunaoandika matokeo ya mpira kwa chaki. Mtu mmoja, sitamtaja, alifuta msimamo wa ligi akaandika msimamo wa watoto. Mtoto wa Mangi alikuwa wa pili darasani kwao. Wa mwenye mkokoteni, wa kumi na tisa. Wangu alikuwa wa sitini na moja kati ya sitini na moja.

"Umeshuka daraja," alisema Mangi, akinipa pole kwa mkono kama tuko msibani.

"Tatizo ni kocha," akasema mwenye mkokoteni. "Timu haina kocha ile."

"Kocha yupo, ila mazoezini hajawahi kufika!"

Mimi ni Mnyamwezi, na mzee wa kahawa ni mtani wangu kwa asili, kwa hiyo alikuwa na haki zote. "Nyie Wanyamwezi mnajua kubeba tu," alisema. "Mtoto umembeba vizuri, umemfikisha mwisho kabisa."

Nilijitetea kwamba angalau hakuna mtu wa kumshusha tena. Walicheka mpaka mwenye mkokoteni akamwaga kahawa kwenye robota la kanga la mteja. Lakini usingizini nilikuwa naiona ile sitini na moja, na wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda kuitazama ilikotoka.

Niliposhuka kijijini nilikuta mama mmoja kaketi kwenye kigoda, anauza karanga za kukaanga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karanga zimerudi kwenye karatasi iliyosokotwa. Nikanunua moja, nikala, na kama kawaida yangu nikaanza kusoma karatasi. Mimi husoma kila kitu, hata maelezo ya dawa ya mende.

Kwanza niliona mhuri wa Mangi. Kisha jina la mtoto wangu, darasa lake, na kichwa cha insha: Siku Nisiyoisahau. Iliandikwa hivi: "Siku hiyo mbuzi wa mwalimu mkuu aliingia darasani wakati wa hesabu. Mwalimu alisema, nani kamruhusu huyu. Hakuna aliyejibu. Mbuzi alipita mstari wa mbele akitukagua kucha. Alipofika mezani kwa mwalimu alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akala"

Hapo ukurasa ukaisha.

"Mama, nipe nyingine," nilisema.

Nyingine ilikuwa hesabu za kugawanya, zote zimepigwa vema nyekundu. Iliyofuata ilikuwa mchoro wa mmea na mizizi yake. Nikala, nikanunua, nikala. Pakiti ya nane ilikuwa ramani ya Tanzania yenye mafuta kuanzia Tabora hadi Mbeya.

"Kaka, una minyoo?" mama karanga aliuliza kwa huruma.

"Mama, mbuzi alikula nini?"

Alinitazama, kisha akasogeza sufuria yake mbali kidogo na mimi. Nilipomweleza, alishtuka kweli. Karatasi hizo, alisema, alikuwa akiletewa na kijana mmoja wa hapo kijijini, na yeye kusoma hajui, aliona tu ni karatasi ngumu isiyopitisha mafuta.

Nikaenda shuleni, tumbo limejaa kama nimemeza tofali. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamama mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Wewe ndiye mlezi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

"Kariakoo."

"Hilo si jibu."

Kisha akaniambia mambo ambayo hayakuwa ya kuchekesha. Msichana alikuwa hajafika shuleni wiki tatu, mitihani ya ripoti ikampita, ndiyo ile sitini na moja. Mwezi wa kumi kulikuwa na mtihani wa taifa wa darasa la nne. Asipoufanya, darasa la tano hapandi, atarudia, na yeye katika miaka yake ya kufundisha alikuwa ameona watoto wa namna hiyo wakiambiwa warudie. Hawarudi. "Ana akili kuliko sisi wawili tukiunganishwa," alisema, na kuniunganisha mimi hakukuongeza kitu.

Nyumbani kwao nilimkuta bibi anapukuchua mahindi, na mtoto mwenyewe karibu yake anamsaidia. Kwenye kiti kisicho na egemeo alikuwa baba yake mdogo, kijana mwembamba, anasinzia katikati ya salamu. Alikuwa ameishi mjini miaka kadhaa, akarudi na uteja wa unga, yaani madawa ya kulevya. Nilipomuuliza kama ndiye anayeuza karatasi za mtoto, hakukataa.

"Anko, daftari zenu ni nzuri," aliniambia, macho nusu. "Zile alizokuwa ananunua bibi yake zilikuwa zinachanika. Hizi zina soko."

"Nilizificha kwenye pipa la mahindi, akaziona," alisema bibi. "Nikazificha bandani, kuku wakamwonyesha. Nikazilalia, akangoja siku nimempeleka huyu kliniki kuchukua dawa zake." Mtoto alizaliwa na virusi vya UKIMWI. "Dawa hakosi hata siku moja, anajikumbusha mwenyewe. Daftari tu ndizo zimetushinda."

Nikamuuliza mtoto kwa nini haendi shule hata hivyo.

"Nikaandike wapi?" alisema. "Niliandika kwenye paja. Mwalimu wa hesabu akanisahihisha mpaka gotini."

"Akakupa ngapi?"

"Nane ya kumi. Nyingine mbili zilifutika kwa jasho."

Alikuwa amekwisha kupanga mambo yake: atakwenda kumsaidia mama karanga kukaanga. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Nikamuuliza mbuzi alikula nini.

Kwa mara ya kwanza alinitazama vizuri. "Umesomea wapi?"

"Kwenye karanga."

"Basi ukinipa daftari nitaiandika tena, utasoma."

"Niambie tu."

"Kwa mdomo haiwi tamu," alisema, na akaendelea kupukuchua.

Nilirudi Kariakoo nikakieleza kijiwe chote. Nilitegemea wasikitike. Walisikitika, lakini kwa muda mfupi, kwa sababu mwenye mkokoteni aliuliza, "Sasa yule mbuzi alikula nini?" na kazi ikasimama. Benchi la kushoto likasema chaki. Benchi la kulia likasema fimbo ya mwalimu, kwa kuwa mbuzi ana akili. Mteja mmoja aliyekuja kutafuta mchukuzi alibaki saa nzima akisisitiza kwamba ni miwani. Mzee wa kahawa alisema tutajua mbuzi alikula nini mtoto akirudi shule.

Tulitoa mawazo. Tumnunulie sanduku la chuma. Baba mdogo atauza na sanduku. Tumpige baba mdogo. Mzee akasema yule ni mgonjwa, kijiji kimeshampiga sana na unga hakuacha. Daftari zikae shuleni. Sasa nyumbani mtoto asome nini, magunzi?

Mangi muda wote alikuwa anagonga kikombe kwa kucha. Hatimaye akasema, "Nyie mnamtazama mwizi. Mimi namtazama mnunuzi. Yule mama anataka nini? Karatasi. Tumjazie."

"Tumjazie daftari?"

"Magazeti, bwana! Tumjazie magazeti mpaka akiona karatasi nyingine akimbie."

Sijawahi kuona watu wazima wakikusanya magazeti kwa bidii ile. Tulipita maduka yote ya mtaa. Wauza vioo walitupa yao, kinyozi akatupa yake yakiwa na nywele. Mwenye mkokoteni alisisitiza kuchambua, asije mtu wa kijijini akafungiwa karanga kwenye habari za timu ya wapinzani kushinda. Tukapakia magunia saba kwenye kirikuu ya Mangi, kigari kile kidogo cha mizigo kinachoonekana kama kitadondoka, tukaenda na daftari mpya juu.

Mama karanga alipoyaona magunia alipiga kigelegele. Aliapa mbele yetu kwamba karatasi ya mtoto haitagusa karanga zake tena, na magazeti yakipungua atatuma salamu. Wiki mbili baadaye nilikuwepo, nimekuja na Mangi kwa kirikuu, baba mdogo alipomletea daftari.

"Peleka huko," mama alisema. "Nina karatasi ya kuzikia ng'ombe."

Akazunguka kwa muuza vitumbua. Naye tulikuwa tumempa gunia. Akaja kwangu, amesimama na daftari mkononi, mnyonge kabisa. "Anko, soko limeanguka," alisema. Nilimpa soda. Tukazungumza mpaka chupa ikaisha, na safari hiyo alipanda kirikuu pamoja nasi, tukamfikisha kliniki ya mjini wanakopewa dawa ya kuwasaidia kuacha unga. Aliingia. Ziko siku anakwenda na ziko siku hatokei, sitaki kuongeza chumvi. Lakini daftari lile alilirudisha mwenyewe, limekunjika pembe moja tu.

Mtoto akarudi darasani. Wiki ya pili mzee wa kahawa alikuja na karatasi mfukoni, akakataa kuwasha jiko mpaka mabenchi yote mawili yajae. Akasoma kwa sauti ya khatibu: "...kisha akala daftari la mahudhurio, upande wa wavulana. Kwa hiyo siku hiyo wavulana wote hawakufika shuleni, ingawa walikuwepo. Mwalimu mkuu aliwaandikia barua wazazi wao."

Mangi alilia machozi. Mwenye mkokoteni alisema hata yeye kuna mbuzi alimla mwaka mzima kwenye daftari la mahudhurio, vinginevyo asingekuwa hapo na mkokoteni.

Siku ya mtihani tulikwenda sita, tumebanana nyuma ya kirikuu kama mikungu ya ndizi. Tulisimama nje ya uzio wa shule. Tulikuwa tumekubaliana kukaa kimya, na tulikaa kimya, ila watoto walipopanga mstari kuingia mtu mmoja akapiga filimbi, mwingine akaitikia, na mzee mzima wa kahawa akapaza sauti, "Kalamu chini, akili juu!" Mwalimu mkuu alitoka. Alitunyooshea tu kidole ng'ambo ya barabara, tukavuka wote mguu kwa mguu, Mangi mbele.

Tulingoja huko juani. Utani uliisha mapema. Mwenye mkokoteni aliuliza mara tatu kama mtoto alikunywa chai, na bibi yake, aliyekuja na kanga mpya, akamjibu mara tatu kwamba alikunywa chai na dawa zake alimeza. Kila mlango uliposogea tuliinuka.

Walipotoka, msichana wangu alitembea polepole kuja kwetu, ana wino kidevuni. Tulimzunguka tukiuliza wote kwa pamoja.

"Nimejibu yote," alisema. "Swali la kumi na nne lilikuwa bovu. Nimewaandikia hivyo."

"Umewaandikia nani?"

"Wanaosahihisha." Kisha akamgeukia Mangi. "Darasa la tano masomo ni mangapi? Nijue daftari ngapi."

Mangi alisema sita. Mwenye mkokoteni alisema saba, enzi zake yalikuwa saba, na alifeli yote kwa hiyo anayakumbuka. Mzee alisema tisa pamoja na dini. Wakaanza kubishana kwa benchi, nyekundu huku, njano huku. Mimi nilibaki katikati, kwa kuwa darasa la tano sikulifika.

Alitusikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Ngojeni," alisema, akavuka barabara, akapita getini akarudi ndani kumuuliza mwalimu.