Toazi la Mwisho la Tokmajian

Vartuhi alimaliza ujana wake, na uzee wake nusu, akipokea simu kwenye karakana ya kaka yake pale Samatya, Istanbul. Kaka, Mihran, alinyoosha shaba ikawa matoazi. Dada alinyoosha ndimi za wageni.

"Tokmajian," aliwaambia wapiga ngoma wa Paris na Chikago. "Si Tokmasian. Haya, rudia, mwanangu."

Walirudia, wakakosea vilevile, wakanunua. Ilimkera kweli.

Mle karakanani toazi halikuuzwa kabla ya kuitwa. Mtu wa ukoo alilipiga mara moja, akatamka jina lao, Tokmajian, likaachwa livume mpaka linyamaze lenyewe. Mihran asiporidhika, alilibana kwa kiganja lisivume, na hapo hapakuwa na mjadala.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya Mihran usemi. Lilibaki toazi moja, halijaitwa. Kutwa alilinyooshea kidole, kisha akaonyesha picha ya mwanawe Aram, aliyepelekwa Ujerumani na mama yake angali wa kubebwa. Vartuhi akaelewa. Kaka yake alitaka mwanawe aliite kabla hajafumba macho. Akapiga simu.

Aram akaja, mtu mzima mwenye mvi zake. Akalipiga toazi.

"Tokmasian," akasema.

Mihran akalibana.

"Rudia," Vartuhi akamwambia. "Wa Chikago nilikuwa nawasamehe. Wewe jina ni lako."

"Kutamka naweza, shangazi. Lakini shuleni, kazini, hata mke wangu, wote wananiita Tokmasian. Nikilisema kama wewe, naona namwita baba. Siyo mimi."

"Basi danganya kidogo, mzee aridhike."

"Huyu ni wa kudanganywa?"

Mihran alimtazama mwanawe, macho yamemjaa maji, na kiganja hakikutoka juu ya toazi. Vartuhi aliwakasirikia wote wawili, na hapohapo akawahurumia. Alikwenda kuchemsha chai. Aliporudi, Aram alikuwa ameushika mkono wa pili wa baba yake.

Wiki haikuisha, Mihran akafa.

Baada ya maziko, majirani wakila samaki na wali wa matanga ghorofani, Aram aliinuka akateremka karakanani. Vartuhi akamfuata, akasimama mlangoni. Kigoda cha Mihran kilikuwa palepale, na nyundo juu yake.

Aram akalipiga toazi.

"Tokmajian," akaita.

Lilitoka sawasawa, bila kasoro hata ya kutafuta. Vartuhi aliyewafundisha watu jina hilo maisha yake yote hakuwahi kulisikia limetamkwa vizuri hivyo na mtu wa ng'ambo, na akatamani asingelisikia siku ile.

Toazi likavuma, likafifia, likanyamaza lenyewe. Aram alikuwa bado anakitazama kigoda, akingoja kuitikiwa.