Nafasi ya Ambaye Hajafika

Kazini walimwita Bi Haipiti, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa ameandika sehemu ya ukaguzi katika programu ya kuunda kompyuta ndani ya kompyuta. Mteja huandika anataka prosesa ngapi, yaani bongo za kompyuta, zikae kwenye soketi ngapi, kila soketi viini vingapi; kila kiini ni nafasi ya prosesa moja. Ukiandika soketi mbili za viini vinne, halafu ukadai prosesa kumi, ukaguzi wake unakurudisha mlangoni: haipiti! Mbili mara nne ni nane, hata ulie.

Jumatano mteja mmoja aliomba prosesa sita kwenye mpangilio wa nane. Ukaguzi ukakataa, kompyuta zake zikagoma kuwaka. Mkuu wa kitengo akaja mezani.

"Dada, kabla ya huu ukaguzi wako zilikuwa zinawaka."

"Sita si nane, bosi."

"Basi kesho asubuhi naufuta wote."

Miezi mitatu ya kazi ipotee hivihivi! Tena alikuwa mjamzito wa miezi sita. Ukaguzi ukifutwa, akitoka likizo ya uzazi atarudia nini? Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona alipokosea.

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi seremala, akigongomea kitanda cha tatu chumbani kwa watoto. Watoto wenyewe wawili.

"Baba watoto, haraka ya nini? Mwenyewe hata hajafika."

"Chumba nakipangia watakaokuwemo, mke wangu, si waliomo tu. Au akija nibomoe ukuta?"

Bi Haipiti alisimama na mkoba begani, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Yule mteja aliacha nafasi mbili za prosesa atakazoongeza baadaye! Mpangilio ulinganishwe na idadi ya juu anayotarajia, si na zinazowaka leo. Na yeye, na tumbo lote lile, alikuwa akihesabu waliomo tu.

Asubuhi alimtangulia mkuu ofisini, akabadilisha mstari mmoja. Sita ndani ya nane ikapita. Kumi ndani ya nane ikakataliwa. Mkuu akajaribu mwenyewe mara mbili, akanuna kidogo, maana alishajiandaa kufuta.

"Kosa lilikuwa langu, bosi. Mstari mmoja."

"Haya, ukaguzi unabaki." Akatazama tumbo lake, akakohoa. "Na ukienda kujifungua, meza hii hakai mtu. Ni yako mpaka urudi."

Bi Haipiti alijifuta machozi kwa kiganja.

"Hiyo," akasema, "inapita."